Kitambaa cha Upepo

Mume wangu alikuwa rubani wa ndege ndogo, zile zinazopeleka watalii mbugani. Kila akitua alinipigia simu dukani kwangu Kariakoo, ninakouza vitambaa, akasema neno moja: "Nimetua." Nami nilimjibu nina wateja, nikakata. Nilijifanya nakereka, lakini kabla ya simu hiyo kuita nilikuwa napima kitambaa hovyo hovyo.

Siku ambayo simu haikuita, ndege yake ilipitiliza uwanja wa vumbi ikaingia korongoni. Abiria wawili walitoka wazima. Yeye hakutoka.

Baadaye nilielezwa chanzo. Ndege hutua ikielekea upepo unakotoka, na huko porini rubani huujua kwa fuko refu la kitambaa lililofungwa juu ya mlingoti. La uwanja ule lilikuwa limechakazwa na jua, na mlinzi, kwa wema wake, akashona jingine la turubai ili lidumu. Lilikuwa zito mno. Upepo ulivuma, lenyewe likabaki limening'inia. Mume wangu akadhani kumetulia, akatua upepo ukimsukuma kwa nyuma. Nilitaka kumchukia yule mlinzi, nikashindwa.

Majuzi aliingia dukani mtu mzima, mfanyakazi wa kambi ya watalii.

"Shikamoo mama. Nataka turubai la rangi ya chungwa, la kushonea fuko la upepo la uwanja wetu."

"Marahaba. Turubai sikuuzii."

"Si hilo hapo?"

"Ndilo, na halitoki."

Akacheka, akidhani namtania. Nikawasha feni, nikalishika turubai mbele yake. Likaning'inia tu. Nikashika nailoni nyepesi, ikapepea hadi ikampiga usoni. Akaacha kucheka.

"Hii itachanika mapema, mama."

"Ikichanika nipigie. Nitakukatia nyingine bure."

Sikumwambia kwa nini. Jioni nilipanda ngazi hadi kwangu, Mchafukoge, nikitamani mno kumsimulia mtu. Majirani walikuwa wamefunga milango. Nikaisimulia sufuria.

Siku chache baadaye, nikiwa nampimia mama mmoja kitenge, simu iliita. Alikuwa yule bwana.

"Mama, fuko linapepea vizuri. Ndege ya kwanza imetua."

Nikamwambia nina wateja, nikakata. Kisha nikaenda nyuma ya majora ya vitambaa, nikalia. Niliporudi, yule mama alikuwa bado ananisubiri, nikaanza kumpimia upya.