Barua ya wito chini ya sahani ya bukari: Kamina, wakati wa vita

Wakuu, salamu popote mlipo. Haya nitakayowasimulia niliyafanya kwa mikono yangu, kosa likiwemo, kwa hiyo sina sababu ya kuyapamba.

Ilikuwa Kamina, mji wa reli na kambi ya jeshi, mwishoni mwa miaka ya tisini, vita ikiendelea. Nilikuwa karani wa ofisi ya mtaa. Tulikuwa na mashine moja ya kuchapa, muhuri mmoja na benchi la watu kungojea.

Niwaeleze kwanza utaratibu, maana wengi hamkuuona.

Mwanamke akipigwa na mumewe, alikuja kushitaki kwa chef, mkuu wa mtaa. Mimi nachapa barua ya wito, sisi twaiita convocation: fulani afike kesho saa tatu. Chef anagonga muhuri. Msaada wa serikali uliishia hapo.

Na barua anaipeleka nani? Mshitaki mwenyewe. Polisi wa kutuma hatukuwa nao, wote walikuwa kwenye vizuizi vya barabara.

Asubuhi moja akaja Mama Ngoie, jicho moja limevimba. Mumewe alikuwa fundi wa reli, mtu wa kwaya, kila mtu anamsalimia.

"Juzi alinionyesha shoka," akasema. "Eti mara ingine haitakuwa ngumi."

Nikachapa. Chef akagonga muhuri. Nikamkabidhi.

Aliishika kwa ncha za vidole. "Minyi njo nitamupatia?" Yaani, mimi mwenyewe ndiye nitakayempa?

"Ndiyo, Mama. Njo utaratibu. Usiogope, iko na muhuri."

Wakuu, nilimwambia asiogope!

Saa sita nikiwa nafunga ofisi niende kula, ndipo akili iliponirudia. Baba Ngoie naye saa hiyo hiyo anatoka karakana kwenda kula, na barua atapewa na mkewe.

Nikapanda baiskeli. Kwenye kizuizi, askari wa Base, ile kambi ya jeshi, akakigeuzageuza kitambulisho changu. "Unakimbia nini, karani? Adui iko nyuma yako?" Wenzake wakacheka. Waliponirudishia, nikakanyaga pedali tena.

Nikafika nyumbani kwao.

Baba Ngoie alikuwa mezani, anakula bukari, ugali wetu, kwa samaki mkavu wa Kinkondja, kule ziwani. Shoka limeegemea ukuta, karibu na kiti chake. Mama Ngoie amesimama mlangoni mwa jikoni. Akanitazama, kisha akatazama sahani.

Nikayafuata macho yake. Chini ya sahani ya bukari ilichomoza pembe ya karatasi, na nusu ya muhuri wetu.

Baadaye Mama Ngoie aliniambia: "Nilisema akule kwanza. Akishiba, hasira itapunguka."

"Karani!" Baba Ngoie akaita. "Kuya ukule!"

Kwetu ukimkuta mtu anakula lazima akukaribishe, na kukataa ni kumtukana. Nikanawa, nikakaa. Kila alipomega tonge, sahani ilisogea kidogo.

Akimega mara mbili zaidi, ataiona.

Nikainua sahani mwenyewe, nikaivuta karatasi.

"Baba Ngoie, hii minyi njo nimeileta. Nilipita asubuhi, nikaiacha hapa ku meza. Ofisi inakuita kesho, saa tatu."

Uongo mtupu. Akasoma polepole. Akamtazama mkewe, akanitazama mimi.

"Nani anakutuma?"

"Serikali."

Akacheka. "Serikali gani? Ile iko inakimbia vita? Na weye unatia mukono mu sahani yangu, kumbe uko mu mambo ya bibi yangu!"

Akasimama. Mimi macho yangu yako kwenye shoka tu.

Alikwenda kunawa mikono, kidole kwa kidole.

"Umekula kwangu," akasema. "Shukuru. Enda."

"Na Mama anakuya na minyi. Chef anamungoja."

Uongo wa pili. Mama Ngoie hakungoja jibu. Alitoka mbele yangu bila viatu, nami nikasukuma baiskeli nyuma yake bila kuthubutu kugeuka.

Alilala kwa mke wangu. Kesho yake Baba Ngoie alikuja, amevaa tai, akatia sahihi kwamba hatampiga tena. Mama Ngoie hakuiamini sahihi hiyo, na alifanya vema. Alichukua nakala yenye muhuri, akaenda kwa kaka yake Kinkondja. Kaka, ambaye mara mbili alikuwa amemrudisha kwa mumewe, aliposoma karatasi alimpa chumba.

Toka siku ile, barua zote za namna hiyo nilizipeleka mwenyewe kwa baiskeli.

Nilichojifunza ndicho hiki. Leo kuna sheria nzuri na maofisa waliosomea, nami nafurahi kweli. Lakini wewe uliye kwenye dawati, kabla ya kugonga muhuri jiulize: karatasi hii itafika nyumbani mikononi mwa nani?

Huko kwenu anaipeleka nani? Niambieni, nasoma kila jibu.

Na dada unayesoma hapa ukiwa na barua hiyo kwenye mkoba: rudi nayo ofisini. Waambie wailete wao.