Upanga Uliosuguliwa kwa Majivu

Siku ile haijanitoka kichwani, mwanangu, na wala siombi initoke. Ilikuwa siku ya gulio kule Kibondo, Ijumaa, na mimi na baba yako mkubwa Bukuru tulikuwa vijana wa juzi juzi, tumetoka Rungwe Mpya kutafuta kazi mjini. Jana umeniomba nikufundishe kutambua panga la kale na la kughushi, maana nasikia siku hizi unatumiwa picha za vyuma kwa simu na unawauzia wageni. Haya, nitakufundisha. Lakini hiyo simu iweke mfukoni kwanza. Nikiongea na mtu anachungulia kioo, maneno yananikauka.

Bukuru ni pacha wangu, unajua. Yeye kulwa, mimi doto, na tangu utotoni alinitangulia kwa kila kitu, hata hasira. Mjini alipata kazi kwa Mzee Sefu, mtu wa Tanga aliyekuwa na duka la vitenge na sabuni. Mimi niliuza chumvi kibarazani pale pale. Sasa huyo Mzee Sefu alikuwa na ugonjwa wake: alikusanya silaha za zamani. Chumba cha nyuma kilijaa mikuki, visu na mapanga ya huku Buha, ya Burundi, ya Kongo. Na juu ya mlango alitundika upanga mmoja mrefu uliopinda kidogo, wa Kijapani.

Upanga huo ulikuwa feki, na mwenyewe alijua. Aliununua Tanga akiwa kijana, akaapiwa kwamba ni wa mababu wa Kijapani, kumbe umetoka kiwandani jana. Aliutundika pale ili kila akiingia umkumbushe ujinga wake. Siku moja Bukuru aliuziwa mkuki uliotengenezwa kwa springi ya lori, ukazikwa kwenye samadi mpaka ukashika kutu. Mzee Sefu alicheka hadi akakaa chini, mbele ya wateja. Bukuru alinuna wiki nzima, hali chakula vizuri, hasemi na mtu. Ndipo mzee akamhurumia, akaushusha ule wa Kijapani amfundishe.

Nilikuwepo, kwa hiyo na wewe sikiliza. Aling'oa mpini. "Uongo hukaa huku ndani," alisema, "kwenye mkia wa chuma unaoingia kwenye mpini. Nje kila mtu anapang'arisha." Kwa Wajapani, mkia ule haupanguswi hata siku moja. Kutu yake ya miaka mingi ni nyeusi, imelala, ukipitisha kidole hakichafuki. Ule wa mzee ulikuwa na kutu nyekundu ya tindikali, kidole kikatoka kama umechezea udongo wa njiani. Herufi za mfua chuma, zilizopaswa kupigwa kwa patasi na mkono wa mtu, zilikuwa zote na kina kimoja, kazi ya mashine. Na ule mstari mweupe unaopindapinda kando ya makali, ambao wenyewe huupata kwa moto na udongo, huu ulichorwa juu juu tu kwa dawa. "Mkia uliosafishwa," alimaliza mzee, "ni mkia wa mtu anayeficha kitu."

Ee, Bukuru aliyameza maneno hayo bila kutafuna. Kuanzia siku hiyo akajiona ni bingwa. Kila chuma kilicholetwa aling'oa mpini, akatazama mkia, akakunja uso. Mimi nilimtania, nikamwita Mjapani wa Rungwe Mpya. Hakucheka. Alikuwa anaogopa kuchekwa tena, hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake, na mtu mwenye woga wa namna hiyo ni wa kuogopwa.

Basi Ijumaa ile Mzee Sefu alikwenda msikitini, akamwachia duka. Akaja mtu mmoja Mrundi kutoka kambi ya wakimbizi ya Mtendeli, enzi zile za kwanza za kambi. Jina lake Nzeyimana. Mwembamba, shati limefungwa hadi kifungo cha shingo, na mkononi ana kitu kimefungwa kwenye kitenge. Alitoka kambini bila kibali. Alitueleza mwenyewe, kwa Kirundi kilichochanganyika na Kiswahili, kwamba binti yake amevimba tumbo na wameambiwa apelekwe hospitali kubwa, na hana kingine cha kuuza isipokuwa hiki.

Alifungua kitenge. Ilikuwa inkota, upanga mfupi wa makali mawili, wa babu yake. Nakwambia uling'aa! Bukuru akautoa mpini, akatazama mkia. Nao ulikuwa mweupe, msafi, hauna hata chembe ya kutu.

"Huu umetengenezwa juzi," akasema.

"Hapana, bwana. Ni wa sogokuru, babu yangu. Mungu ananiona."

"Umenionaje mimi? Unaniona mjinga?"

Yule bwana akashika mkono wa Bukuru kumbembeleza, na Bukuru akauchomoa kwa nguvu, akatoka na ule upanga kibarazani akipaza sauti: "Tapeli! Tapeli wa kambini huyu!" Nilimwambia, "Bukuru, nyamaza, leo gulio!" Nilikuwa nimechelewa. Watu walikwishageuka. Nusu yao hawakujua kosa ni nini, walisikia tapeli, wakasikia kambi, ikatosha. Nikakimbilia msikitini kumfuata Mzee Sefu, nikamkuta anatoka anatafuta viatu vyake. Tulivyorudi, watu walikwisha kumpiga, wanajipangusa mikono na kurudi kwenye ndizi zao. Nzeyimana hakuwepo. Alijikokota akaondoka, walisema, hakutaka kwenda hospitali wala polisi kwa sababu hana kibali.

Bukuru alikuwa amekaa kwenye gunia langu la chumvi, inkota magotini. Hakumpiga hata kofi, hilo ni kweli. Mzee Sefu akamnyang'anya. Akaupeleka juani, akautazama. Kwenye chuma kulikuwa na mistari myembamba inayokimbia urefu wote, kama nyuzi za mti uliopasuliwa, na chuma cha springi hakina mistari hiyo. Hiyo ni alama ya chuma kilichoyeyushwa kwa udongo na mkaa, kikakunjwa na kupigwa na mtu. Akaugonga kwa msumari, ukaitika kwa sauti nzito. Akachungulia ndani ya mpini: mti ulikuwa umeliwa na kutu ya zamani, mweusi tititi.

"Lahaula," akasema. "Bukuru, sijapata kushika wa zamani kama huu."

"Lakini mkia..."

"Mkia umesuguliwa! Wewe ni Muha, mimi ni wa kuja. Kwenu kitu cha marehemu kinatoka nyumbani na uchafu?"

Kwetu hakitoki, mwanangu. Jembe la babu, kisu cha baba, kikienda mkononi kwa mtu mwingine kinasuguliwa kwanza kwa majivu na mchanga, ndani na nje, ndiyo heshima yake. Ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka nao ni hivyo hivyo. Tulilijua hilo tangu tukiwa watoto. Bukuru alipima kitu chetu kwa sheria ya Wajapani.

Kesho yake tukaenda Mtendeli kwa gari la Mzee Sefu. Nzeyimana alidandia lori, akafika kwake usiku ule, akalala, hakuamka. Mkewe alikuwa amekaa mlangoni kwenye hema, kamshika yule binti. Mzee Sefu akamrudishia inkota kwa mikono miwili. Yule mama akaugeuza, akatazama upande huu na upande ule, akapitisha kidole kwenye mkia.

"Haikutakata?" akatuuliza. "Ni mimi niliyeisugua."

Bukuru aliinuka pale, akaenda zake nyuma ya hema.

Binti alipelekwa hospitali kwa gari lile lile, akapona, hilo namshukuru Mungu. Bukuru alirudi Rungwe Mpya kulima na hajakanyaga gulio hadi leo. Mlipokuwa wadogo mlimcheka kwa sababu kila wanawake wakianza kusugua sufuria kwa majivu, yeye anainuka na kwenda zake shambani. Sasa umejua.

Kwa hiyo nunua, sikukatazi. Tazama mkia, gusa kutu, chungulia mpini, tafuta nyuzi za chuma. Lakini kabla ya kusema neno feki, muulize aliyekuletea: nani alikuwa nacho, na nani alikishika mara ya mwisho? Kisha umsikilize mpaka amalize. Ukiwa na shaka, mrudishie kitu chake kwa adabu, umwambie hukihitaji. Kukosea chuma utachekwa tu, na kicheko hakiui. Na huko kambini na barabarani, usimwite mtu tapeli mbele ya watu, hata awe ni tapeli kweli.

Mungu akulinde na ujuzi wa haraka, mwanangu. Akupe macho, na moyo wa kuvumilia kuchekwa. Mikono yako isimtoe mtu machozi, na wote wakujiao na vitu vya wazee wao waondoke kwako wazima. Haya, inuka. Kesho nenda kamsalimie baba yako mkubwa, na ukikuta wanasugua vyombo, mfuate shambani ukae naye.