Kopo la Kapsuli Zilizobaki

Wifi yangu tulimpa jina la Kasuku na wala hakukasirika, maana mdomo wake haukuwa na breki. Alishona huku anaongea, alipiga pasi huku anaongea, na nina hakika hata usingizini alikuwa anamsimulia kaka yangu habari za watu. Kaka ni dereva wa lori. Akiwa safarini, wa kuumia masikio ni mimi. Mtu angeniambia kwamba siku moja Kasuku atanyamaza, na kwamba kunyamaza kwake kutaniweka roho juu, ningemcheka mchana kweupe.

Tulifanya kazi chumba kimoja, mimi, yeye, mama yangu na mafundi wengine. Sare za shule, basi. Kola, mikono, vifungo, pindo, kola tena. Mama ndiye mkuu wetu. Ndiye aliyetufundisha karibu sote kushika mkasi, na mshono wako ukipinda anaufumua mbele ya watu bila hata kukutazama usoni. Choo kilikuwa nyuma ya jengo, tunakitumia na maduka yote, na ufunguo anakaa nao mlinzi ambaye kumpata ni kazi nyingine. Kwa hiyo tulijizoesha: hunywi maji, huendi haja, unashona. Jioni ndiyo unakimbia nyumbani umebana miguu.

Mwili nao si mjinga. Kila baada ya muda mmoja wetu alikuwa anachomwa akienda haja ndogo, na ndipo mama akaanzisha lile kopo. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, linakaa juu ya kabati la nyuzi. Ukiandikiwa dawa hospitali, unakunywa mpaka maumivu yatulie, zinazobaki unatia koponi zimsaidie mwenzako. Ukichomwa, unamnong'oneza mama, naye anakuchagulia: hizi za rangi mbili meza mbili, hii nyeupe moja, haya rudi kazini. Alitoa kwa huruma kabisa, na mkono anakuwekea mgongoni. Wenzetu walimwita daktari, na mama alilipenda jina hilo. Kumaliza dozi wakati umeshapona sisi tuliona ni uchoyo.

Kasuku alimeza kutoka kopo lile kama sote. Mimba yake ya kwanza iliharibika, na mama, kwa uchungu wa kukosa mjukuu, akatoa neno ambalo mpaka leo likinijia nakunja uso. "Tumbo jingine lina uchafu wake," alisema. Alisemea jikoni, lakini nyumba yetu kuta zake nyembamba. Kasuku alisikia. Aliendelea kuosha vyombo, akanisimulia habari za sabuni.

Mimba ya pili ikashika. Katika kliniki ya karibu na kazini wakampima mkojo, wakauotesha maabara kuona kama una vijidudu. Siku ya majibu alirudi akanivuta kwenye pembe ya pasi.

"Wifi, wanasema nina bakteria."

"Kwani unaumwa?"

"Siumwi popote! Ndiyo ubaya wenyewe. Wamo tu, na dawa za kawaida hawazisikii. Wamenichoma sindano za aina nyingine, lakini nesi anasema huenda wengine bado wamejikalia kwenye utumbo. Siku ya kujifungua niwaambie mapema. Mtoto akiwapata, halafu akapewa dawa isiyowafanya kitu, atakufa."

"Basi utawaambia."

"Nitawaambia. Ila mama asijue. Atasema nilijua, tumbo langu chafu. Niapie." Nikaapa.

Chupa ilimpasukia kazini, katikati ya rundo la kola. Kaka akiwa safarini, tukamkimbiza hospitali kuu, ambako hakuna aliyemjua wala kumjua nesi wake. Mkunga akauliza, "Mimba ilikuwa na shida yoyote? Kuna dawa ulizotumia?" Kabla Kasuku hajafungua mdomo, mama akadakia: "Hana shida, mkunga. Mzima kabisa huyu." Nikamtazama Kasuku. Kasuku akatazama viatu vyake. Nikamfinya mkono, akaunyakua. Uchungu ukambana, wakamwingiza ndani, mlango ukafungwa.

Akajifungua msichana, na mama akashangilia korido nzima. Mchana wa kesho yake tulipoingia wodini, mtoto alikuwa hanyonyi. "Amechoka na safari," mama akasema. Safari gani? Nilimgusa, nikakuta anawaka moto. Kifua kinapanda na kushuka mbiombio. Nikamwita nesi, naye alipomfunua tu, alimnyakua akakimbia naye.

Tuliwafuata mpaka mlango wa chumba cha watoto wachanga. Daktari akatoka, mwanamke mwenye macho ya kukosa usingizi. "Nadhani ni maambukizi kwenye damu," akasema. "Tumemchukua damu ipelekwe maabara, lakini majibu yake hatuwezi kuyasubiri. Tunaanza dawa zetu za kawaida sasa hivi." Akageuka.

Nikamshika wifi bega. "Sema." Akatikisa kichwa, macho kwa mama, machozi yanamtiririka. "Kasuku, sema, la sivyo kiapo changu nakivunja hapa hapa!"

"Aseme nini?" mama akauliza.

Jamani, nilimchukia wifi yangu wakati ule. Mtu wa kuongea kutwa nzima na cherehani, anashindwa sentensi moja, na mtoto wake yuko nyuma ya kioo anapigania pumzi! Daktari alikuwa ameshika kitasa. Nilivuta hewa niseme mimi.

"Daktari!" Ilikuwa sauti ya Kasuku, imekwaruza. "Nina wadudu wasiosikia dawa. Kliniki waliwaona. Niliambiwa niseme, na sikusema."

Daktari hakumgombeza. Alimpigia kelele nesi aliye ndani, "Hiyo usichome kwanza!" Akauliza ni kliniki gani, akapiga simu huku amesimama, akataka kujua ni dawa ipi iliyowaweza. Alipoipata akamtajia nesi, naye akakimbilia kabatini.

Mama akamgeukia Kasuku. "Wewe! Wadudu umewatoa wapi?"

Daktari naye akamgeukia Kasuku. "Umewahi kutumia antibiotiki bila kuandikiwa?"

"Nimewahi. Mbili mbili, kila nikichomwa."

"Ulipewa na nani?"

Kasuku akafumba mdomo tena. Ndipo nikaelewa, na nikaona haya. Alikuwa anamkinga mama, yule yule aliyemwita mchafu.

"Mimi," mama akasema. Sauti ilimtoka ndogo, sijawahi kuisikia. "Mimi ndiye ninayempa. Nawapa wote. Tunabakiza ili tusaidiane."

"Mama, wadudu hawa mtu huwapata hata kwa maji, kwa chakula, kwa mikono, hata humu hospitalini. Siwezi kukwambia wametoka kwako. Lakini dozi ya nusu nusu inaua wanyonge na kuwaachia nafasi walio sugu. Sasa hivi sina muda wa kutafuta mchawi, nina mtoto." Akaingia, mlango ukafungwa.

Siku zilizofuata simwombei hata adui yangu. Homa inashuka, tunapumua. Inapanda, tunakufa tena. Kasuku alikaa kwenye kiti anakamua maziwa kwenye kikombe, nesi anampa mtoto kwa mrija. Hakuongea. Mama alikuja kila siku, akanawa mikono kwenye sinki la korido mpaka viwikoni, akasimama kwenye kioo. Nesi akimwambia aingie, anajibu, "Hapa panatosha," kisha anarudi sinkini kunawa upya.

Hatimaye homa ikakata, isirudi. Wakamletea Kasuku mtoto kitandani, wakamweka kwenye titi, naye akalivamia kwa hasira. "We, taratibu, nani anakufukuza?" Kasuku akamwambia. Mimi nikacheka na kulia kwa pamoja.

Mama alikuwa mlangoni, mikono inachuruzika maji.

"Mama, njoo umpokee," Kasuku akasema.

"Siwezi. Nikimgusa nitamuua."

"Mimi nimembeba na wadudu hao hao tumboni, na ndiye ninayemnyonyesha. Kama ni kuogopa mikono, tuanze na yangu. Mgongo unaniuma, mama. Mpokee."

Mama akajifuta mikono kwa kitambaa alichopewa na nesi, kidole kimoja kimoja, akaja. Akampokea mtoto, akamwinamia.

"Nisamehe," akamwambia mtoto.

Nilitaka kumwambia mwenye kuombwa yuko kitandani. Lakini Kasuku alikuwa amesikia. Aligeukia ukutani, akajifunika shuka mpaka kichwani, akalia kwa sauti, na mama akaketi ukingoni mwa kitanda na mtoto mikononi, asiondoke mpaka Kasuku alipomaliza kulia.