Rafu ya Chupa Zisizooshwa

Harufu ya nta ikichemka hunirudisha Mtendeni, mtaani kwetu Tabora, mara moja, popote nitakapokuwa. Ni harufu nzito yenye moshi ndani yake, kwa sababu mjomba alikuwa akirina asali kwenye mizinga ya magome huko porini, akituletea masega ndani ya ndoo, na mama akiyakamua nyuma ya nyumba huku nyuki waliofuata ndoo wakizunguka vichwa vyetu. Asali aliiuza sokoni, nta akaichemsha. Mimi nilikuwa darasa la tano, mwembamba, mbishi, na nilikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Mwaka ule shule iliandaa maonyesho ya sayansi. Nilipomwambia mwalimu kwamba nataka kuonyesha kwa nini asali huganda, alicheka kwa upole akasema asali ni chakula, nikatengeneze volkano ya udongo kama wenzangu. Sikutengeneza. Nilirudi nyumbani nimenuna, na mama, aliyeishia darasa la nne, akaondoa sufuria zake kwenye rafu moja ya jikoni akasema, "Haya, hii yako."

Volkano za wenzangu zilipigiwa makofi siku moja, kisha zikatupwa jalalani. Rafu yangu iliendelea. Nilipanga chupa za jemu zenye asali ya ndoo ileile: moja juu karibu na joto la jiko la mkaa, nyingine nikaipeleka dirishani upande usiopata jua, ya tatu nikaichanganya na punje za asali iliyokwisha kuganda, ya nne nikaitia maji ya sukari makusudi. Hiyo ya nne ilichachuka ikatoa povu, jikoni pakanuka kama kilabuni, na jirani yetu mlokole akaja kuuliza kama siku hizi tunapika pombe. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Hakunigombeza, wala hakuniruhusu kuiosha chupa yoyote kabla sijaelewa kilichotokea. Kila asubuhi, kabla hata ya chai, aliuliza swali moja tu: "Enhe, leo umeona nini?" Nilimjibu kutoka kwenye daftari langu, na aliposikia jambo jipya aliacha kufagia.

Ndipo kipupwe kikaingia na asali yote ya mama ikaganda mezani, nyeupe na ngumu. Bi Zuwena, mwenye mgahawa uliosifika kwa maandazi, ndiye aliyekuwa mteja wake mkubwa, na akina mama wengine walinunua alikonunua yeye. Asubuhi moja alirudisha chupa zake mbele ya soko zima. "Mama Kabula, umetia sukari humu. Asali ya kweli haigandi!" Mjini kwetu watu wengi waliamini hivyo, basi hadi adhuhuri wateja walikuwa wakiipita meza yetu wakitazama pembeni. Mama alirudi na chupa zote alizoondoka nazo, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia. Sijawahi kuumia vile. Jina la uaminifu ndilo pekee alilokuwa nalo pale sokoni, na mimi nilikuwa na ushahidi rafuni ambao hakuna mtu mzima angeuamini, kwa sababu niliukusanya mimi, mwanawe.

Kesho yake nilimfuata Bi Zuwena mgahawani. "Shikamoo, Bi Zuwena." "Marahaba. Umetumwa?" Nikasema sikutumwa, ila namwomba aje nyumbani akamue asali mwenyewe, aone kama haitaganda. Alinitazama kama mtu aliyesikia kuku akisoma gazeti, lakini alikuja. Alichagua sega mwenyewe, akakamua kwa mikono yake, akajaza chupa, akaifunga kwa kipande cha kanga chenye mafundo yake na kuondoka nayo. Vidole viliniwasha kutia punje chache za asali iliyoganda ili mambo yaende haraka. Nilijizuia. Ningeigusa tu, isingekuwa tena asali ya Bi Zuwena.

Baada ya wiki mbili alirudi sokoni, akainamisha chupa, na asali ikatiririka laini kabisa. Watu wakaguna. Mama akainamisha kichwa. Swali likanitoka lenyewe: "Bi Zuwena, uliiweka wapi?" Akasema, "Juu ya jiko langu, isije ikaibiwa." Nikaruka kwa furaha mbele za watu, kwani hata rafuni kwangu chupa ya karibu na jiko haikuganda, ya dirishani ndiyo iliyoganda! Nikamsihi aiweke dirishani, upande usiopata jua, anipe siku kumi tu. Alisonya, akakubali.

Siku ya nane alikuja akipita katikati ya soko huku ameishika chupa kichwa chini, miguu juu. Hakuna tone lililodondoka. Mafundo yalikuwa yake, mikono iliyokamua ilikuwa yake. Alisimama mezani petu akasema kwa sauti ileile aliyotutukania: "Mama Kabula, nisamehe. Asali ni ya kweli. Na huyu mtoto wako msimzibe mdomo!" Mama alipiga vigelegele, soko likamjibu. Msimu uliofuata wateja walikuwa wakiulizia ile iliyoganda.

Leo nafanya kazi maabara. Nadondosha tone la asali kwenye kifaa, kinanionyesha kiasi cha maji kabla sijapepesa macho. Nakipenda, ila hakijawahi kunifurahisha kama ile chupa iliyopinduliwa. Siku hizi maonyesho ya shule ni makubwa kuliko ya zamani, na sisi wazazi tunawaagizia watoto volkano zilizotengenezwa tayari. Mwezi uliopita nilikuta kopo la binti yangu nyuma ya friji, lina ugali ulioota ukungu wa rangi tatu. Nikaziba pua, nikashika sponji. Mama, aliyekuja kututembelea kutoka Tabora, akanishika mkono, akamgeukia mjukuu wake. "Enhe, mke mwenzangu, leo umeona nini?"

"Wa kijani unaula wa njano, Bibi. Lakini sijajua kwa nini."

Mama akaninyang'anya sponji. "Basi hilo kopo lisioshwe."