Faluda Iliyomtetemekea Wifi

Ukitaka kumjua mama mdogo Mboni, usimtafute kwa sura, mtafute kwa mdomo. Pale stendi ya Kilwa Masoko anapokaanga chapati na pweza, hakuna kondakta anayemchokoza mara mbili. Mmoja alijaribu kusema chapati zake nyembamba. Akajibiwa, "Nyembamba kama chenji unayowarudishia abiria." Stendi nzima ilimcheka hadi basi lake likajaa!

Nurdin, fundi wa pikipiki, alinaswa na mdomo huohuo. Alianza kwa kununua chapati moja asubuhi, mara asubuhi na mchana, mara anakula huku anaegemea nguzo na gereji imefungwa. Nani asiyejua ile si njaa? Mwishowe akasema anataka kuoa. Ila kwao wazazi hawapo tena, mwenye neno ni dada yake mkubwa aliyemlea, Bi Sada wa Rutamba. Naye akatuma ujumbe: Jumamosi nakuja kula kwa huyo Mboni. Nikiridhika naleta posa. Nisiporidhika, Nurdin aendelee kula chapati kwa hela yake.

Mama mdogo akawa kama katiwa upupu! Wali wa nazi na samaki wa kupaka hakuwa na shaka navyo. Shida ilikuwa kitamu cha mwisho.

"Kaimati kila nyumba zipo," akasema. "Mimi nataka kitu kikiingia watu wakae sawa."

Ndipo ikapikwa faluda, nami sikuamini kitu kizuri vile kinaweza kuwa rahisi hivi. Tui zito, sukari, iliki, na unga wa mwani wa kugandishia. Unakoroga motoni mpaka ichemke, unamimina kwenye vikombe vya kahawa ulivyovilowesha maji, unasubiri. Friji ya nini? Inaganda yenyewe! Nilikuwa naichungulia na kuigusa, naye ananipiga mwiko wa vidole. Ukikipindua kikombe kwenye sinia kinatoka kilima cheupe, kinang'aa kama kipara cha mtu aliyetoka kwa kinyozi sasa hivi. Juu unamwagia pesheni iliyopikwa na sukari, unanyunyiza korosho za kukaanga zilizopondwa. Basi! Ungedhani kuna hoteli imehamia uani kwetu.

Baada ya magharibi Bi Sada akaingia na Nurdin. Mama mdogo akapiga magoti hadi chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mama? Mimi nilikuzaa lini, na nilikuwa wapi?"

"Samahani, mama."

Sasa, huku kwetu wifi ni mtani. Anaingia na maneno, na anategemea alipwe maneno. Hata mtoto anajua. Lakini mama mdogo alivyotaka aonekane ana adabu, mdomo wote kauacha stendi.

"Wali huu mmeupika, au mmeuamsha tu usingizini?"

"Samahani, mama."

"Na samaki huyu, aliumwa nini kabla hajafa?"

"Samahani sana."

Nurdin alikuwa anamtazama kama pikipiki iliyogoma kuwaka. Bi Sada akala, akanawa, akaanza kuvuta mtandio wake aondoke. Akamwambia mdogo wake, wala hakunong'ona, "Mpole, sikatai. Lakini nyumba haina utani. Nikija hapa nitakuwa mgeni mpaka nife."

Ndipo mama mdogo akatokea na sinia la faluda, vilima vyote vinacheza.

"He!" Bi Sada akasema. "Hata hiki kinaniogopa?"

Mama mdogo akafungua mdomo. Nikajua ni samahani nyingine hiyo. Akautazama ule mtandio uliokwisha kuvaliwa. Akalitua sinia, kwaa!

"Kisiogope vipi, wifi? Kimeona ulivyoufanya wali."

Bi Sada kageuka taratibu.

"Unasemaje?"

"Na huyo samaki mgonjwa umemla mpaka mwiba. Tukuitie daktari?"

Bi Sada alicheka mpaka akakaa chini, mtandio ukaanguka huko. "Kumbe una meno! Nurdin, mbona ulinificha?" Akala kilima kimoja macho yamefumbwa, akavuta kingine. "Umetia nini humu, we mwanamke?"

"Adabu. Nimeimalizia yote humo, mimi sina tena."

Nurdin alipaliwa na korosho! Tulimpiga mgongoni huku tunacheka, naye analia machozi, sijui ya korosho au ya nini.

Wakati wa kuondoka, Bi Sada akalifunika sinia na faluda iliyobaki, akajitwika kichwani. Kwa watani, kitu kilichotekwa hakidaiwi, kinakombolewa.

"Hili mateka," akasema. "Litarudi na posa."

"Wifi! Hilo la kuazima, la Rosalia jirani!"

"Mwambie Rosalia alifuate kwenye harusi."

Nurdin akawasha pikipiki. Bi Sada akapanda nyuma, sinia mapajani, na kila shimo likipigwa anaonja kidogo. Mama mdogo alikimbia nao pekupeku barabarani akipiga kelele, "Usiimalize, mlafi wewe, mwachie na mume wangu!"

Hapo ndipo majirani wote walipotoka nje na vigelegele.