Nusu ya Pili ya Sala

Ndagala zilizokaushwa na mawese, ndiyo harufu inayonirudisha darasani. Wengine wakisikia harufu ya ubani humkumbuka Mungu. Mimi humkumbuka nikipita sokoni penye samaki wakavu. Mafundisho yangu ya komunyo ya kwanza niliyapata mtaani Buyenzi, ndani ya stoo ya Mzee Salumu, Mwislamu mwenye asili ya Uarabuni ambaye babu yake alifungua duka pale zamani za Wajerumani. Tulikaa juu ya magunia ya mchele, na wanene miongoni mwetu waligombania gunia la maharagwe kwa sababu halikuzama. Kanisa lenyewe halikuwa mbali, lakini ulikuwa wakati wa vita, na njia ya kwenda huko ilikuwa imeua watu wengi mno, na hakuna mzazi aliyetaka mwanawe aipite. Mzee Salumu aliposikia kwamba watoto wa Kikristo hawana pa kusomea dini yao, alimpa mwalimu wetu ufunguo wa stoo, akasema Mungu hana ugomvi na mchele. Adhana ilipolia tulinyamaza mpaka imalizike, ndipo tukaendelea na amri kumi pale tulipoziachia.

Mwalimu wetu alikuwa Mama Konsolata. Hakuwa mtawa, wala hakuwa na cheo chochote; alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, mama wa nyumba mwenye mume na kelele zake. Padri aliyebaki parokiani alikuwa mmoja tu na hakuweza kufika kila mahali, kwa hiyo mitaani dini ilibebwa na watu wa kawaida kama yeye. Aliandika kwenye mlango wa chuma wa stoo kwa chaki ya kukatia nguo, na aliyesinzia alipigwa kidogo kwa futi ya kupimia kitambaa. Alipenda utani. Aliyekosea jibu aliulizwa kama ubongo wake ameuacha kwa Mzee Salumu upimwe kwenye mizani. Nilimpenda sana, na ninasema hivyo mapema ili nieleweke katika hayo yanayofuata.

Alikuwa na namna yake ya kutufundisha kusali, ambayo ndiyo namna ya nyumba nyingi za kwetu hadi leo: kupokezana. Baba Yetu ilikatwa vipande viwili. Anayeongoza husema nusu ya kwanza, ya jina na ufalme, kisha hunyamaza. Waliobaki hupokea nusu ya pili, yenye mkate na kusamehe waliotukosea. Mama Konsolata aliongoza, sisi tukajibu, naye akajiunga nasi katika kujibu kwa sauti nene kuliko ya wote. Mara nyingine mmoja wetu alipewa kuongoza. Hatukuwahi kuisema sala nzima mtu peke yake, na sikumbuki kama tulijua kwamba inawezekana.

Kisha zikaja zile siku tulizoziita siku za mji mfu. Maduka yalifungwa, vijana wakaweka mawe na magurudumu barabarani, na aliyepita aliulizwa anatoka wapi na ni mtoto wa nani, ingawa walilokuwa wakilitafuta, kabila lake, walikwisha kulisoma usoni pake. Siku moja ya namna hiyo mume wa Mama Konsolata, aliyekuwa mlinzi wa ghala kule Zone Industrielle, kwenye viwanda, alitoka kazini mchana akitaka kuwahi nyumbani. Alisimamishwa kwenye kizuizi cha mtaa wetu wa Bwiza, karibu sana na Buyenzi, karibu hivi kwamba angepaza sauti mkewe angemsikia. Hakufika.

Siku mbili tatu baadaye maneno yakaanza kutembea. Vijana waliokuwa pale kwenye kizuizi walitajwa kwa majina, na jina moja lilikuwa la kaka yangu Deo. Mama yangu alikana mbele ya kila aliyeuliza, na hata mbele ya wasiouliza: Deo alikuwa na malaria, alilala kutwa, yeye mwenyewe ndiye aliyemkanda maji. Waswahili husema lisemwalo lipo, nami sikutaka liwepo. Nilichokiona mimi ni Deo amechuchumaa nyuma ya nyumba alasiri ile, akinawa miguu, akimwaga maji, akachota mengine, akanawa tena. Yawezekana homa ilimwachia akatoka kidogo. Miguu ya watu wote wa Bwiza ina vumbi. Nimejisemea maneno hayo maisha yangu yote.

Darasa lilisimama wakati wa kilio. Kilipokwisha, habari ikaletwa kwamba Mama Konsolata ameuomba tena ufunguo. Mama yangu hakutaka nirudi. "We Odeta, utamuangalia huyu mama usoni namna gani?" aliniuliza huku akichambua mboga bila kuinua macho. "Bakia hapa. Komunyo itakuja mwaka mwingine." Ila mwaka mwingine, wakati ule, lilikuwa neno la kujifariji tu. Na hofu yake haikuwa ile ya uso. Desturi ilikuwa hivi: siku ya mtihani padri huwahoji watoto mmoja mmoja, na kabla ya kumkubali mtoto humgeukia mwalimu wake na kumuuliza kama mtoto huyu yuko tayari. Mwalimu asiposema ndiyo, hakuna padri anayekwenda kinyume chake. Mama alijua kwamba Mama Konsolata akinikataa mimi, mtaa mzima utaelewa kwamba amemhukumu Deo, na baada ya hapo hakuna malaria ambayo ingetuokoa. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Nilikwenda. Nilitoroka nyumbani, nikasimama mlangoni mwa stoo na watoto wote wakanigeukia. Mama Konsolata alikuwa amevaa kitenge cha msiba na amekonda. Alinionyesha kwa futi lile gunia la mbele nililozoea kukalia. "Kaa pale pako," akasema, akaendelea na somo. Hakunitania siku ile wala siku nyingine yoyote, na mimi, niliyekuwa nikichukia kutaniwa, nilitamani anitanie.

Kitu kimoja kilibadilika, na nadhani nilikiona mimi tu kwa sababu nilikaa mbele. Aliongoza sala kama zamani, nusu ya kwanza, akanyamaza. Tulipojibu, hakujiunga nasi. Alifunga mdomo, akayatazama magunia mpaka tukamaliza, kisha akaendelea na Salamu Maria. Wiki kwa wiki ikawa hivyo. Alitufundisha maana ya kusamehe kama kitabu kilivyotaka, alitueleza vizuri sana, na lile neno katika sala alituachia sisi watoto tulibebe. Nilikuwa namsikiliza kila mara kama leo ataitikia. Nilihisi kwamba akilisema tu, mimi na Deo na mama yangu tutapona, na nilimwomba Mungu amfungue mdomo. Siku hizi naona aibu kwa ombi lile, maana nilimwombea yeye afanye kazi ambayo ilikuwa yetu.

Padri alikuja kutuhoji siku moja asubuhi, ana haraka, maana barabara zilikuwa zikifungwa mapema. Alikaa juu ya gunia kama sisi, Mama Konsolata akasimama karibu na mlango, na watoto wakabaki uani kwa Mzee Salumu wakiitwa mmoja mmoja. Nilipoingia niliulizwa sakramenti ni ngapi, nikajibu. Niliulizwa nani yumo katika hostia, nikajibu. Halafu padri akasema, "Ongoza Baba Yetu."

Nikaongoza. Nilisema nusu ya kwanza bila kukosea neno, nikanyamaza. Sikukwama wala sikusahau. Niliambiwa niongoze, na kwetu anayeongoza huishia hapo na kungoja wenzake wapokee. Padri, aliyelelewa seminarini, hakujua desturi ya stoo yetu. Alinitazama, akasubiri, akatikisa kichwa polepole. Nami nikawa nangoja, na ndipo nilipotambua kwamba mle ndani hapakuwa na wa kupokea ila mtu mmoja.

Nilimgeukia. Mama Konsolata alikuwa ameshika mlango kwa mkono. Angeweza kumweleza padri kwamba ndivyo wanavyozoea, au kuniambia, endelea, mtoto. Badala yake akafungua mdomo na kupokea. Alianza na mkate, kwa sauti ya chini iliyokwaruza, akafika kwenye kuomba tusamehewe makosa yetu, na pale panapofuata akakatika. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Mimi nilidhani amesahau! Nilikuwa mtoto, nikamhurumia kama unavyomhurumia mwenzako aliyesimamishwa mbele ya darasa, nikaingia na kumsaidia: nikasema kile kipande cha kusamehe waliotukosea, kwa sauti ya juu, nikaenda mpaka amina. Alifunika macho kwa ncha ya kitenge.

Padri aliyaona hayo yote na hakuuliza. Alimwuliza tu Mama Konsolata lile swali la desturi, kama mtoto huyu yuko tayari. Nje Mzee Salumu alikuwa akikohoa dukani kwake. Nilihisi mama yangu yumo mle stoo, na Deo pia, wote tumekaa juu ya gunia moja tukingoja.

"Mutoto iko tayari, Padiri," alisema Mama Konsolata. "Ni mi ndiyo bado."

Jumapili iliyofuata tulipelekwa kanisani wote kwa kundi moja, na Mama Konsolata akatupanga mistari, wasichana kulia, wavulana kushoto, akatunyoosha kola alizotushonea mwenyewe na kutusindikiza mpaka mbele. Tulipopokea, yeye alirudi akakaa benchi la mwisho, mikono mapajani. Alikuwa ametuleta sote mezani na yeye hakula. Niligeuka kumtazama hostia ikiwa bado ulimini, jambo alilotukataza kabisa, naye akanionyesha kwa kidole nitazame mbele.

Baadaye alihamia Ruziba kwa dada yake, na huko ndiko alikozikwa. Sijui kama aliwahi kuwa tayari. Deo anaishi nchi ya mbali. Hupiga simu Krismasi, tunaongea habari za mvua na bei ya vitu. Mama alikufa akiapa kwamba ilikuwa malaria. Damu nzito kuliko maji, wanasema, na uzito huo mimi naujua, maana sijawahi kumuuliza kaka yangu swali lile, na bila kuuliza sijui nimsamehe nini.

Leo mimi ndiye mwalimu wa dini, huku Gihosha. Tuna chumba chenye madirisha, viti vya plastiki, na semina za walei ambako tunafundishwa namna ya kufundisha na kupewa vyeti. Watoto wangu hawajui kizuizi ni nini, na wanatoka nyumba za kila namna bila kuulizana. Wanajua sala nzima, kila mmoja peke yake, kwa sababu ninahakikisha. Lakini tunapofunga somo bado tunapokezana, ila nimegeuza: wao wote huongoza, na nusu ya pili napokea mimi peke yangu, kwa sababu naona kipande kile ni mzigo wa mtu mzima. Kuna siku nafika mpaka amina. Kuna siku sura ya Deo inanijia amechuchumaa na kopo la maji, sauti inakatika, na watoto wakidhani nimesahau wananimalizia.