Wimbo Ambao Hawo Hakuujua

Haya niambie, mwanangu: ukiambiwa uonyeshe dini yako mbele ya wazee, sasa hivi, utaonyesha nini? Unacheka. Hata mimi nilicheka, na kicheko changu nusura kimrudishe mtu kwenye kifo.

Nakumbuka siku moja, miaka ya hamsini, mzungu bado yuko, alifika kwetu Ngao mwanamke anaitwa Hawo. Watu wao wafugaji, ng'ambo ya mto. Alikuwa ameanza kusali kama sisi Wakristo, ami yake akamchomea nyumba, akaapa akimpata hamwachi hai. Nyanya yangu akampa uji, akampa mkeka. Lakini kukaa kijijini lazima gasa ikubali, ndiyo baraza la wazee wetu Wapokomo.

Wazee wakasema, Mkristo wa kweli anajua nyimbo. Wakaniita mimi, kigori, nimesoma mwaka mmoja tu pale misheni, lakini sauti ninayo! Nikaimba, Hawo afuatishe. Akatikisa kichwa.

"Wimbo mimi bado," akasema. "Mungu mimi najua."

Mimi huyo, kicheko! "Hata ubeti mmoja hana!" Watu wote wakaangua. Wazee wakakata shauri: muongo huyu, kesho kutwa avushwe arudi kwao.

Nyanya hakunigombeza. Aliniangalia tu, mpaka nikatamani anipige. Halafu akapanda mtumbwi, akaenda kulalamika kwa Mzee Jilo, mkubwa wa wazee wote upande wetu. Asubuhi yake mzee huyo hapa, hata chai hataki. Hakumuuliza Hawo kitu. Aliwauliza wazee.

"Mlimuuliza nini?"

"Wimbo."

"Na kilichomkimbiza kwao?"

"Hilo hatukumuuliza."

"Hakuna aliyetaka kumsemea?"

"Msomali mmoja, muuza ng'ombe, alisimama. Tukamwambia wewe si Mkristo, kaa chini."

"Mimi sikuja kusema akae wala aende. Hiyo kazi yenu, na hamkuifanya. Anzeni upya." Akanigeukia. "Na wewe kinanda, wimbo wako unasema nini?"

Mama yangu! Sikujua. Nilikuwa naimba tu kama ndege.

Wakaanza upya. Msomali akasimama. "Dini yake si yangu," akasema. "Lakini nyumba yake niliiona inawaka, na ami yake kashika kijinga cha moto." Hawo naye akasema mpaka akamaliza, hakuna aliyemkata. Wakampa kishamba kando ya mto. Kulima hajui! Aking'oa magugu, ang'oa na mpunga. Lakini maziwa yake ya mgando, we acha tu. Amezeekea hapa hapa, rafiki yangu huyo.

Basi mwanangu, mtu akija amekimbia, usimpime kwa kile unachokijua wewe. Muulize kilichomtoa. Anayemjua msikilize, awe wa dini gani. Na ukikosea, usione haya kuanza upya. Wazee wetu walianza, na hakuna aliyewavunjia heshima. Mungu akupe masikio makubwa kuliko huu mdomo wangu, na nyumba yako isikose mgeni.

Mjukuu wangu Komora anafanya kazi Garsen, ofisi wanakoandikwa waliokimbia kwao. Juzi nilimwambia haya haya. Akaacha kula, akanishika mkono.

"Nyanya, nakuahidi. Sitaandika 'hapana' mtu akiwa bado anasema."